Panya Waliopewa Damu Yetu

Mwaka 2022 nililetewa kijitabu cha Kiingereza kuhusu ugonjwa wa selimundu, nikitakiwa nikitie katika Kiswahili chepesi kwa ajili ya wazazi wa wilaya za Kasulu na Kibondo. Wenye kazi hawakujua kwamba huko ndiko nilikozaliwa. Mimi ni mkaazi wa Unguja tangu mwaka 2003, na watu wengi hapa hunidhania Mmanyema, kosa ambalo sijishughulishi kulisahihisha. Ukweli ni kwamba mimi ni Muha wa Kasulu, mtoto wa migomba na maharage, wa nyanda za juu za Kigoma ambako asubuhi ya mwezi wa Juni mtu huota moto kabla hajanawa uso.

Kwa siku mbili kalamu ilikwenda bila ya kikwazo. Nilikwama pale palipoelezwa namna tiba mpya zilivyotafutwa. Waandishi walitumia istilahi moja iliyounganisha panya na mfano, kisha wakaenda zao, kana kwamba jambo hilo halihitaji maelezo. Nami nikabaki nalo usiku kucha.

Kwanza, Kiswahili hakijishughulishi sana na aina za panya. Yule mdogo apitaye chini ya mlango na yule mkubwa wa bandarini wote ni panya. Panyabuku ana jina lake, lakini huyo Watanzania wanamjua kwa sifa nyingine, maana wale wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua makohozi yenye kifua kikuu, na nikahofu msomaji asije akadhani ndiye anayesemwa. Pili, neno lenyewe “mfano”. Kwetu sisi washairi ni neno tukufu, lakini ukimwandikia mzazi wa Kibondo “panya wa mfano” atafahamu kwamba yuko panya mwenye tabia njema, wa kuigwa. “Kielelezo” ni kitu cha kutundikwa ukutani darasani. “Panya wa majaribio” laeleweka, ila laficha kiini cha mambo: kwamba panya hao hawakujaribiwa dawa tu, bali walifanywa kwanza wawe wagonjwa wa ugonjwa wetu, ugonjwa ambao panya kwa asili yake hana.

Basi ilinibidi nijifunze. Elimu yangu ya shule ni ya darasa la saba, na Kiingereza nimekipata kwa kamusi isiyo na jalada na kwa redio ya betri. Nimezoea kusoma kitu mara tano. Lakini nakiri kwamba safari hii sikusoma kwa ajili ya kijitabu peke yake. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike aliyezaliwa mwaka 1974 akafa mwaka 1983, na miaka kumi na miwili ilipita kabla sijajua alikufa kwa nini.

Nililijua hilo Kibondo. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, watu walivuka mpaka kwa maelfu, na kambi zikafunguliwa katika wilaya zetu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo kijana wa Kiha aliyejua Kiingereza cha kuombea maji alipata kazi ya ukalimani upesi. Siku moja mwaka 1995, katika zahanati ya kambi, mama mmoja wa Kirundi alikuja na mtoto aliyevimba vidole vya mikono na miguu, macho ya manjano. Daktari mgeni alimtazama, akachukua karatasi, akachora duara, na kando yake akachora mundu. Akaniambia nimweleze mama kwamba chembe za damu za watu hujipinda namna ile zikaziba njia. Nikamweleza. Nilikuwa nikisema kwa Kirundi na huku namwona mdogo wangu, vidole vyake vilevile, macho yake yaleyale. Nilipomaliza sentensi, daktari aliniuliza kama naumwa.

Tuirudie damu. Ndani ya chembe nyekundu imo hemoglobini, ichukuayo hewa kutoka mapafuni. Imefumwa kwa nyuzi nne, mbili za aina moja na mbili za aina nyingine. Uzi mmoja katika hizo una asidi amino 146 zilizopangwa kwa utaratibu, na katika selimundu ya sita peke yake ndiyo iliyobadilika. Aliyeligundua hilo ni Vernon Ingram, huko Cambridge, mwaka 1956. Katika maandishi ya urithi, kosa ni la herufi moja. Ndugu msomaji wa mashairi hahitaji kuelezwa herufi moja yaweza nini: badili moja katika “dua”, umepata “doa”. Chembe nzima ya mtu huishi kama siku 120. Yenye mundu huishi siku kumi hadi ishirini tu, na huko njiani hukwama katika mishipa midogo, na pale ilipokwama ndipo mtoto anapolia.

Panya naye ana hemoglobini yake, lakini si kama yetu. Watafiti walipoingiza jeni ya selimundu ya mtu katika panya huku wakiiacha ya kwake, damu ya panya ilichanganyika na ile ngeni ikaizuia isijipinde. Ilikuwa kama tafsiri ambayo mtafsiri amekataa kuiacha lugha yake hata kwa neno moja. Mwaka 1997, makundi mawili nchini Marekani, moja la Berkeley katika jimbo la California na jingine la Birmingham katika Alabama, yalitangaza kwamba yamefaulu: yalizima jeni za hemoglobini za panya, zote, na mahali pake yakaweka za mtu mwenye selimundu. Wengi katika panya hao walikufa punde baada ya kuzaliwa. Waliobaki walikuwa na upungufu wa damu, figo zilizoharibika, na chembe zilizopinda kama ule mundu wa karatasi ya Kibondo.

Sikuwa mtu wa kuwahurumia panya. Kwetu panya ni mwizi wa mahindi, na mama yangu aliwatega bila ya kusoma dua. Lakini niliposoma habari za wale waliokufa siku ya kuzaliwa, niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo.

Mtafsiri yeyote mwaminifu atakwambia kwamba tafsiri huwa kweli mahali na uongo mahali. Panya wa selimundu ni hivyohivyo. Chukua bandama. Kwa mtoto wa binadamu mwenye ugonjwa huu, bandama huvimba utotoni, kisha huumia mara kwa mara hadi ikasinyaa na kufa, na kwa sababu hiyo mtoto hukosa kinga dhidi ya vijidudu vya nimonia. Ndiyo maana ilipothibitishwa nchini Marekani mwaka 1986 kwamba penisilini ya kila siku huwaokoa watoto hawa, lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyosikika. Panya, kinyume chake, bandama yake huvimba na kubaki imevimba, kwa kuwa katika mwili wake ni kiwanda cha damu hata ukubwani. Mtu atakayesoma bandama ya panya akidhani anasoma ya mtoto wa Kasulu atakuwa amepotoka.

Na maumivu je? Hapa ndipo niliposoma kwa kusitasita. Panya hasemi. Mwaka 2010 watafiti wa Canada walitoa kipimo cha maumivu kwa kuutazama uso wa panya: macho yanavyofumba, pua na mashavu yanavyotuna, masikio na sharubu zinavyobadili mkao. Wengine baadaye wakakitumia kwa panya wenye selimundu, na ilionekana kwamba baridi huwazidishia maumivu.

Baridi. Nani angenieleza mimi habari ya baridi? Mdogo wangu alikuwa mzima wa kucheza mwezi wa Machi, na ikifika Juni anakunjamana kando ya jiko, macho amefumba nusu, mashavu yametuna kwa kuzuia kilio. Sisi tulikuwa na kipimo hicho nyumbani kabla ya Canada, ila hatukuwa na wa kumpelekea majibu.

Au tulikuwa naye, nami ndiye niliyeyapeleka vibaya. Nalisema hili kwa mara ya kwanza katika maandishi. Mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na mmoja, niliongozana na mama kumpeleka mgonjwa katika zahanati moja ya wilayani. Mama hakujua Kiswahili. Mganga hakujua Kiha. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili, na nilipewa kazi hiyo kwa fahari. Mama akasema, kwa maneno mengi na kwa kuonyesha kwa mkono, kwamba mifupa inamla mtoto, kwamba humla kila mwaka baridi ikiingia, kwamba vidole vilimvimba tangu hajaanza kutambaa, na kwamba macho hugeuka rangi. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sikuwa na Kiswahili cha mfupa unaomla mtu. Foleni ilikuwa ndefu, mganga alikuwa amekwisha kushika kalamu, na nililijua neno alilozoea kuliandika. Nikasema, “Ana homa.”

Tulipewa vidonge vya malaria, kama mara zote. Mama aliniuliza njiani kama nimeyasema yote. Nikajibu ndiyo.

Kwa miaka mingi nimejitetea kwamba hata ningesema yote, zahanati ile isingekuwa na kitu. Huenda. Kipimo hakikuwapo, na ile habari ya penisilini ilikuwa bado miaka mitano. Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo nilitunga shairi refu juu ya jambo hili, nikalichana lote ila ubeti mmoja, ambao sijapata kuupeleka kokote:

Kipupwe kimeingia, ukungu umesimama,
Ndugu yangu analia, na neno hajalisema,
Mkono namshikia, mifupa inamuuma,
Nikamtafsiria, nikasema ana homa.

Wajuzi wa arudhi watasema “kipupwe” ni neno la pwani, halina kazi milimani. Wana haki. Nililitoa katika vitabu, kwa kuwa wakati ule niliamini kwamba shairi haliwi shairi bila ya maneno ya pwani.

Juu ya malaria mwenyewe kuna habari ambayo haimo kijitabuni, nami naileta hapa kwa sababu ni ya jirani zetu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za makabila ya nchi hiyo mwaka 1949, akaona kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria watu wenye jeni ya selimundu walipita 20 katika kila 100, ilhali katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Mwaka 1954 alitoa sababu: aliyerithi jeni moja tu, kwa mzazi mmoja, hulindwa na malaria, aliyerithi mbili ndiye anayelipa. Ninyi wasomaji wa pwani mnaweza kujitazama humo, na jamaa zenu wa Oman pia, maana jeni hiyo ilivuka bahari pamoja na watu. Ama sisi wa Kasulu na Kibondo, nyanda zetu si za juu kiasi cha kumkimbia mbu. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliukuta mkoa wa Kigoma ukiongoza nchi nzima, karibu mtoto mmoja kati ya kila wanne wa chini ya miaka mitano akiwa na vimelea.

Lakini Allison alikuwa ameona kinga bila ya kuiona inavyofanya kazi. Hapo wakaitwa panya tena. Mwaka 1948, huko Katanga, ng’ambo ya Ziwa Tanganyika na kusini yake, Ignace Vincke na Marcel Lips walikuta katika damu ya panya wa vichakani kimelea cha malaria kisichomdhuru mtu, nacho tangu hapo kimetumika maabara dunia nzima. Mwaka 2011, watafiti wa Oeiras, karibu na Lisbon, walikitia kimelea hicho katika panya waliobeba hemoglobini ya selimundu bila ya kuugua kikamilifu. Wakaona jambo la ajabu: vimelea havikupungua. Vilijaa damuni mwao kama kwa wenzao, ila panya hawa walivivumilia, hawakufa kwa malaria ya kichwani. Nimefikiri sana juu ya hilo. Kimelea kilitoka kwenye panya wa nchi isemayo Kiswahili, jeni ni ya mtu mwenye asili ya nchi hizihizi, na jibu likaandikwa Ureno kwa Kiingereza.

Sasa tiba. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York aliona kwamba watoto wachanga wenye ugonjwa huu hawaonyeshi dalili, kwa kuwa huzaliwa na hemoglobini ya tumboni, ile ya mtoto aliye mimba, ambayo haina mundu. Baada ya miezi michache mwili huizima ile na kuwasha ya ukubwani, ndipo vidole vinapovimba. Kuna watu, kama wale wa mashariki ya Saudi Arabia, ambao ile ya tumboni haizimiki yote, nao huugua kwa nafuu. Swali likawa: nani anayeizima? Mwaka 2008 uchunguzi wa jeni za watu ulielekeza kidole kwenye jeni iitwayo BCL11A. Na hapa panya, ambaye hana hemoglobini ya tumboni iliyo sawa na yetu, alipewa jeni zetu akaweza kuthibitisha. Mwaka 2011 jeni hiyo ilizimwa katika panya wenye selimundu, na damu yao ikakaa sawa. Kutokana na njia hiyo ikaja tiba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka uleule. Marekani iliwekewa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Sitaki kudharau. Panya wamefanya kazi yao. Na hapa nchini kliniki ya Muhimbili imekuwa ikiwafuata maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004, na ipo haidroksiurea, kidonge ambacho utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kutangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba hupunguza maumivu na vifo vya watoto wa Afrika. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, uloto unaotolewa na ndugu yao. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana bahati moja katika nne ya kulingana. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi kuliko inavyofaa.

Mwezi wa Juni 2023 nilipanda huko juu kuisoma rasimu mbele ya wazazi, Kasulu kwanza, kisha Kibondo. Ile istilahi iliyonitesa nilikuwa nimeiandika hivi: “panya waliopewa damu yenye selimundu kama ya watu, ili dawa ijaribiwe kwao kabla ya mtoto.” Ni ndefu, na wenye kazi walinung’unika, lakini ilipita. Pale Kasulu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinua mkono akauliza: “Huyo panya naye anaumwa mifupa?” Nikasema ndiyo, wamemtazama usoni wakaona anaumwa. Akanyamaza, akamvuta mtoto mbele, akamfunika miguu kwa kitenge. Kibondo, mzee mmoja aliuliza kama panya waliopona waliachiwa waende zao. Watu wakacheka. Nikamwambia hawakuachiwa.

Mimi katika tafsiri ni mtu wa sheria. Sipunguzi wala siongezi, na vijana wanaonitaka shauri nimewachosha kwa wimbo huo. Lakini niliporudi Unguja niliongeza sentensi moja juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla ya chembe, kabla ya mundu, kabla ya panya: “Ukifika zahanati usiseme mtoto ana homa tu; sema mifupa inamla, sema kila mwaka baridi ikiingia, sema vidole vilivimba tangu hajatambaa, sema macho hugeuka rangi.” Mhariri wao aliipigia mstari akaniandikia kwamba haimo katika asili. Nilimjibu kwamba imo, ila asili yake ni Kiha, na aliyeisema ni marehemu mama yangu, nami ndio kwanza nimemaliza kuitafsiri.

Waliiacha. Kijitabu kilichapishwa nayo.